Somo: Kutembea Epping Forest kuona majani yakibadilika rangi, bila gari

Kila Oktoba naulizwa lile lile: twende wapi na watoto tukaone majani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi naandika hapa. Nyumbani vuli ni mvua. Huku ni majani kupukutika, na msitu huu uko pembeni tu mwa London. Una hekta zipatazo 2,400, na hauna kiingilio. Sheria ya 1878 ndiyo iliyouokoa usikatwe vipande na kuzungushiwa uzio.

Nendeni kati ya mwisho wa Oktoba na wiki ya pili ya Novemba.

1. Treni kutoka Liverpool Street hadi Chingford, kituo cha mwisho. Karibu nusu saa.

2. Ukitoka shika kulia, fuata barabara hadi ile nyumba nyeupe ya ghorofa aliyojengewa Mfalme Henry VIII mwaka 1543 ili atazame uwindaji.

3. Endelea mbele ukipita msituni, barabara iwe kulia kwako, mpaka ziwa la Connaught Water.

4. Zunguka ziwa taratibu. Simama pasipo upepo utazame maji: majani ya manjano yanaelea juu, na chini yake unaona mti wenyewe umepinduka. Bata wa mandarin hupita katikati, dume ana mashavu ya rangi ya chungwa.

5. Geuza kurudi saa 9:30 alasiri kwa saa zetu, yaani 3:30 ya kwenye simu. Hapa ndipo nilipokosea, someni vizuri. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na mwanzoni mwa Novemba jua linazama kama saa 10:30. Sisi tuliozoea magharibi ya saa 12 na ushei mwaka mzima, mwili unagoma kuamini. Niliacha njia ya ziwa nikafuata miti yenye gome laini la kijivu, majani yake kama shaba. Majani yalikuwa yametandikwa chini kama mkeka, kila upande ukaonekana ni njia. Giza likaingia, simu ikazimika kwa baridi. Mwanangu wa miaka sita alishika mkono wa koti langu, hakusema neno. Tulitoka kwa kufuata sauti ya magari. Beba tochi isiyo ya simu. Na ukiacha njia ya ziwa, geuka nyuma kila mara ukariri ulikotoka.

MASWALI

Mdau wa Ilford: Tunashuka kituo gani?
Jibu: Hatua ya 1.

Mama Pacha: Kigari cha watoto kitapita?
Jibu: Kuzunguka ziwa kitapita, dada, njia imesawazishwa. Ndani ya msitu ni tope la mfinyanzi. Vaa buti za mpira.

Mdau wa Luton: Nilienda mwisho wa Novemba, majani yote chini, kahawia. Umetudanganya.
Jibu: Nimeandika wiki ya pili ya Novemba. Tarehe sikuiweka kama pambo.

Msomi: Kwa nini mengine manjano, mengine mekundu?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Manjano ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Mti ukiacha kutengeneza klorofili, yaani ile rangi ya kijani, manjano inajitokeza. Nyekundu hutengenezwa upya, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huikoleza, ndiyo maana miaka haifanani.

Mdau wa Barking: Nimeona uyoga mwingi. Nichume?
Jibu: Hapana. Imekatazwa, na uyoga wa huku usiufananishe na wa kwenu.

Mama Pacha: Mwanangu aliokota majani mtaani kwetu, kesho yake yamejikunja.
Jibu: Yafute maji, yaweke kati ya karatasi mbili kavu, juu kandamiza kitabu kizito. Wiki nzima usifunue. Na mkienda ziwani bebeni chai ya tangawizi kwenye themosi, watoto wanapoa vidole haraka.