Somo: Kusoma ramani ya maporomoko ya theluji kwenye saa ya michezo

Swali la "saa yangu inaonyesha rangi, je, nipite wapi?" nimelijibu hadi nimechoka. Naliandika jibu hapa mara moja, ili atakayeuliza tena aelekezwe huku.

1. Pakua ramani ya eneo zima ungali na intaneti.

2. Washa tabaka la ukali wa miteremko, ndilo linalopaka rangi kwenye ramani.

3. Soma ufunguo wa rangi, kwa sababu nyekundu ya programu moja si nyekundu ya nyingine.

4. Tazama kilicho juu yako. Hatua hii ndiyo iliyoniponza. Mabamba mengi ya theluji hukatika kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na huko ndiko rangi zinakopakwa. Lakini theluji ikishakatika haisimami pale rangi inapoishia. Siku moja nilifuata ukanda usio na rangi kwa uangalifu wote, nikaketi kwenye tambarare kumimina chai, ilhali mteremko uliokuwa juu yangu ulikuwa mwekundu mtupu. Sikuuona kwa kuwa nilikuwa nimeikuza ramani mno hata ukatoka nje ya kioo. Poromoko lilisimama hatua chache kutoka kwenye mkoba wangu, na kifuniko cha chupa sikukiona tena. Basi punguza ukuzaji mpaka ukingo wa juu wa mlima uonekane, na kama programu ina tabaka la mahali theluji inapoishia kukimbilia, liwashe.

Onyo: ramani iliyotengenezwa kwa vipimo vya kila mita 30 hulainisha vigenge vifupi, na kigenge cha mita kumi kinatosha kabisa kumfukia mtu.

5. Panga njia kwenye skrini kubwa kabla ya safari, kisha itume kwenye saa. Kioo kidogo ni cha kukujulisha kwamba umeiacha njia, si cha kuichagulia.

6. Funga mguso wa kioo, maana theluji iliyoyeyuka juu yake husogeza ramani.

Swali: Sijasoma yote. Pasipo na rangi ni salama?
Jibu: Hatua ya nne, ndugu.

Swali: Kwa hiyo ukiwa na saa, taarifa ya hatari ya siku haina kazi?
Jibu: Sijaandika hivyo popote. Ramani inajua umbo la mlima. Haijui upepo wa jana umelundika theluji upande gani, wala kama chini yake kuna tabaka dhaifu.

Swali: Nimeona ramani nyingine haina nyuzi, ina madaraja tu. Zinatofautianaje?
Jibu: Nashukuru kwa swali hili. Huenda uliyoiona inafuata ATES, mfumo wa kupanga maeneo kwa kadiri yanavyokuweka hatarini kwa maporomoko, ulioanzishwa na Parks Canada (shirika la hifadhi za taifa la Kanada) mwaka 2004 kwa madaraja matatu. Hautazami ukali wa mteremko peke yake, bali pia msitu, njia za maporomoko na mitego kama makorongo, ambamo hata theluji kidogo hurundikana kwa kina. Tumia madaraja kuchagua safari, na nyuzi kuchagua pa kukanyaga.

Swali: Betri yangu huisha haraka kwenye baridi.
Jibu: Ifunike kwa mkono wa koti, na usiache ramani ikiwaka muda wote.

Nyongeza ya mwanachama: Tukiwa kwenye saa, ikumbukwe kwamba huweza kuvuruga kifaa cha kutafutia waliofukiwa. Wakati wa kutafuta, viwe mbali angalau sentimita 50.
Jibu: Kweli kabisa. Mimi hukishika kwa mkono usio na saa.