Kusoma historia ya msitu wa tropiki kwa chavua za ziwani

Chavua, yaani punje za uzazi za mimea, huanguka ziwani na kuhifadhiwa ndani ya tope, tabaka juu ya tabaka. Chagua ziwa dogo lisiloingiwa na mto mkubwa, maana mto huzoa chavua za mbali. Toboa tope la sakafuni penye kina kwa bomba la Livingstone lenye pistoni, litoalo nguzo ya tope kipande kwa kipande. Toboa mashimo mawili jirani, la pili likianza nusu mita chini zaidi, ili maungio ya shimo moja yafunikwe na vipande vya jingine.

Maabara, chukua sentimita 1 ya ujazo ya tope na utie kidonge cha spora (vumbi la uzazi) za mmea wa Lycopodium zenye idadi inayojulikana, ziwe kipimo cha kulinganishia, kabla ya asidi yoyote. Kikichelewa, chavua zilizopotea mwanzoni hazitafidiwa na hesabu.

Usafishaji, ili zibaki chavua (sokota kwa sentrifuji na suuza kila baada ya hatua):

1. Asidi ya hidrokloriki 10%, tone kwa tone. Kidonge hutoa povu, nalo likifurika sampuli imekwenda.
2. Potasiamu hidroksidi 10%, dakika 10 kwenye maji ya moto, kisha chujio la mikroni 180. Usitupe masalia: majani na mbegu humo ndizo za kupima umri.
3. Asidi ya hidrofloriki, kama kuna udongo mwingi wa madini. Inakula kioo, kwa hiyo tumia mirija ya plastiki ndani ya kabati la kufyonza mvuke, jeli ya kalsiamu glukoneti ikiwa mkononi. Tope la mboji tupu halihitaji hatua hii hatari.
4. Asetolisisi, yaani kuondoa selulosi kwa asidi: anhidridi ya asetiki sehemu 9, asidi ya sulfuriki sehemu 1, dakika 3 hadi 5 kwenye maji ya moto. Suuza kwanza kwa asidi ya asetiki isiyo na maji. Mchanganyiko huu ukikutana na maji hulipuka usoni. Ukizidisha muda, punje huwa nyeusi, zisisomeke.

Hesabu angalau punje 300 kwa ukuzaji wa mara 400, mistari mizima kutoka ukingo hadi ukingo, kwani punje ndogo hukimbilia pembeni. Ukipata chavua 300 na spora 150, na ulitia spora 10,000, basi kuna chavua 20,000 kwa kila sentimita ya ujazo.

Umri upimwe kwa kaboni-14 (kaboni yenye mnururisho, ipunguayo kadiri miaka inavyopita) ya jani au mbegu ya nchi kavu. Tope la eneo la chokaa lina kaboni kuukuu, hivyo huonekana la zamani kuliko lilivyo. Kupita miaka 50,000 hivi, kipimo hiki hakifai tena.

Kwenye tafsiri ndipo wengi huteleza. Asilimia ya chavua si asilimia ya miti. Mvule humwaga chavua kwenye upepo. Ndugu yake mkuyu huchavushwa na vinyigu ndani ya tunda, kwa hiyo msitu uliojaa mikuyu huacha punje chache mno. Linganisha na chavua za tope la juu la leo, ambapo miti inajulikana.

Nyasi nazo hudanganya: huenda ni mbuga, huenda ni kinamasi cha ukingoni. Zikipanda pamoja na vipande vya mkaa huku miti ikishuka, mbuga ina uzito zaidi. Zikipanda na ndago peke yake, shuku ziwa kupungua. Chavua za Podocarpus, mti wa milima yenye ubaridi, kwenye nyanda za chini huashiria baridi: katika Ziwa Pata, Amazon, chavua zake ziliongezeka enzi ya barafu, na bado chavua za msitu zilitawala.