Jinsi ya kutafuta spea za elektroniki zinazovumilia baridi kali

Kabla hujafungua duka lolote andika kwanza namba moja kwenye karatasi: baridi ya chini kabisa itakayokikuta kifaa chako, sio ya wastani, ile ya usiku mbaya kuliko zote. Ikiwa ni -25 tafuta spea za -40 ubaki na nafasi. Ikiwa ni -50 hapo kazi imeshakuwa nyingine na mfuko ujiandae.

Spea zinauzwa kwa madaraja. La kawaida ni 0 hadi 70, la viwandani -40 hadi 85, la kijeshi -55 hadi 125, zote selsiasi. Za magari watu wanadhani ndio kiboko, na kweli kwenye joto ni kiboko, ila upande wa baridi kawaida zinaishia -40 hiyohiyo ya viwandani.

Mtego uko kwenye namba ya spea. Chukua LM358, ile op-amp (chipu ya kukuza mawimbi) ya zamani kila mtu anayo kwenye droo. LM258 na LM158 ni ndugu zake wa tumbo moja, lakini 358 ni 0 hadi 70, 258 ni -25 hadi 85, na 158 ndio inashuka mpaka -55. Tarakimu moja tu! Kwa chipu zingine tofauti ni herufi moja ya mwisho, kwa hiyo kopi namba nzima nzima, na muuzaji akikwambia "ni ileile tu" muombe datashiti, yaani karatasi ya vipimo ya kiwanda. Ukiipata soma mstari wa operating temperature (joto la kufanyia kazi), usisome wa storage, maana storage ni joto la kifaa kikiwa kimezimwa kimelala kabatini, na mimi nilishaoda mzigo mzima kwa kusoma mstari huo mbaya.

Ila tuseme ukweli, mara nyingi sio chipu inayokuangusha, ni kapasita, spea ya kuhifadhi chaji. Zile za elektrolitiki zina majimaji ndani, baridi ikizidi yanakuwa mazito, uwezo unashuka na ukinzani wa ndani unapanda sana, basi pawa saplai inagoma kuwaka asubuhi halafu mchana iko poa na wewe unabaki kujikuna kichwa. Tafuta zilizoandikwa -55, au tumia za polima au seramiki. Kwenye seramiki herufi ya kwanza ndio inakwambia chini ni wapi: X ni -55, Y ni -30, Z ni +10 (ndio, kumi juu ya sifuri). X7R inatosha kazi nyingi, C0G ndio imetulia kabisa, Y5V achana nayo.

Betri: alkalaini sahau. Lithiamu zisizochajiwa zipo za -40, na za thionili kloraidi zinafika -55, ila haziwezi kutoa mkondo mkubwa ghafla. Lithiamu ioni ya kuchaji usiichaji chini ya 0, utaiua kimyakimya.

Skrini za LCD zinakuwa nzito kama uji, OLED ina nafuu. Waya wa PVC unapasuka ukiukunja, nunua wa silikoni. Kristali ya saa ya 32.768 kHz ikiwa -40 inachelewa kama sekunde 12 kwa siku, so kama muda ni muhimu chukua yenye fidia ya joto.

Nunua kwa msambazaji aliyeidhinishwa na kiwanda, tovuti zao zina filta ya joto, weka namba yako ya kwenye karatasi uone orodha inavyopungua. Chipu za daraja la kijeshi kwa bei ya karanga ni za kuogopa, kufuta maandishi na kuchapa mengine ni kazi rahisi tu.

Zikifika zijaribu. Friza ya nyumbani inaishia kama -18, haitoshi. Barafu kavu ina -78, iweke ndani ya boksi chini kabisa na kifaa juu yake mbali kidogo, sehemu yenye hewa, kipimajoto ndani. Na kiache kimezimwa masaa kadhaa ndio ukiwashe, kifaa kinachokimbia kinajipasha chenyewe.