Jinsi ya kuiona kalsiamu ikishikwa na troponini C kwa infraredi

Troponini C ndiyo protini inayopokea kalsiamu msuli ukitaka kujikaza, na raha ya infraredi ni kwamba unaliona lile kundi lenyewe la kaboksilati (COO⁻) linaloishika kalsiamu. Ila kazi kubwa iko kabla hujawasha mashine. Namba zote za mkanda (mahali mwanga unaponyonywa) hapa ni cm⁻¹.

Hatua ya 1: toa kalsiamu yote. Iko kila mahali, kwenye maji, kwenye chupa za glasi, kwa hiyo tumia plastiki tu na bafa (myeyusho unaoshikilia pH) uipitishe kwenye resini ya Chelex, inayonasa ioni za metali. Protini unaweza kuisafisha kwa EGTA (kemikali inayonasa kalsiamu), sawa, lakini hakikisha umeitoa yote baadaye maana EGTA nayo ina kaboksilati, inanyonya palepale unapotaka kuangalia, na utashangilia piki ambayo wala si ya protini.

Hatua ya 2: bafa. HEPES na KCl 100 mM inatosha. Fosfati achana nayo, inaigandisha kalsiamu; asetati na sitrati ziache pia, hizo ni kaboksilati tupu.

Hatua ya 3: hamia maji mazito (D₂O). Hapa usikwepe. Maji ya kawaida yananyonya karibu na 1645, juu ya amaidi I kabisa (mkanda wa uti wa protini), halafu amaidi II, mkanda mwingine wa uti huo, iko karibu na 1550 inakuzibia kaboksilati. Ukikausha protini kwa kuigandisha kisha ukaiyeyusha kwenye maji mazito, ukarudia, amaidi II inahamia kama 1450 na uwanja unabaki wazi. Usomaji wa mita ya pH uongeze 0.4 ndo upate pD, yaani pH ya maji mazito.

Hatua ya 4: pima. Protini kama 1 mM, yaani 18 mg/ml hivi, spesa (kitenganishi cha madirisha mawili ya sampuli) ya mikromita 50. Madirisha ya kalsiamu floridi hayayeyuki kirahisi lakini kwa kazi hii mimi naona bariamu floridi inakupa usingizi mzuri zaidi, maana haina kalsiamu. Puliza nitrojeni kavu muda wote, rezolusheni 2 au 4, skani mia kadhaa. Ukiona meno membamba kati ya 1700 na 1800 huo ni mvuke wa maji, rudia.

Hatua ya 5: ongeza CaCl₂ (nayo iyeyushe kwenye maji mazito) kidogokidogo, ioni 1 kwa kila protini, 2, mpaka 4. Troponini C ya misuli ya mifupa ina nafasi 4 za kushika kalsiamu, ya moyo 3 maana nafasi ya I imekufa. III na IV ndizo zinazojaa kwanza, zina mshiko mkali.

Hatua ya 6: toa spektra ya bafa kwenye kila spektra, kisha toa spektra isiyo na kalsiamu kutoka kwenye yenye kalsiamu. Glutamati na aspatati ndizo asidi amino zenye kaboksilati: glutamati huru (isiyoshika kalsiamu) iko karibu na 1567, aspatati 1584. Kalsiamu ikiingia kinatokea kibega karibu na 1553, hiyo ni glutamati ya nafasi ya 12 kwenye kitanzi cha protini kinachoizunguka kalsiamu imeishika kwa oksijeni zote mbili. Amaidi I nayo itacheza, lakini usikimbilie kutangaza heliksi zimeongezeka, tofauti kidogo tu ya ukolezi kati ya sampuli mbili inaleta sura hiyohiyo.

Hatua ya 7: rudia yote kwa magnesiamu. Hapo glutamati inashika kwa oksijeni 1 tu, kwa hiyo 1553 haitakiwi kuonekana. Ikionekana, bado una kalsiamu mahali, rudi hatua ya 1.