Kabla hujaprinti modeli ya herufi, hakikisha zitatoka kwenye mchanga

Kama unachora kibao cha jina kwenye Blender (programu ya kuchora maumbo ya 3D) alafu unataka fundi akusubie kwa alumini, yaani ashindilie modeli ya plastiki kwenye mchanga, aichomoe, amimine alumini iliyoyeyuka kwenye nafasi iliyobaki, kitu cha kujua kabla hujaandika hata herufi moja ni modeli itachomolewa kwenda upande gani. Kibao bapa ni rahisi, kinavutwa juu basi. Ila uso ukiwa wa mviringo, ukiacha programu ivute herufi kufuata uso wenyewe zile za pembeni zinalala na ukuta wao wa chini unakuwa umejificha, hapo mchanga lazima ubomoke. Zivute zote kuelekea upande mmoja, ule wa kuchomolea.

Sasa kuta. Programu inakupa kuta zimesimama wima kabisa na wengi tunaziacha hivohivo maana kwenye skrini zinapendeza. Kibao changu cha kwanza kiliandikwa KARIBU, kimeprintiwa safi, fundi kashindilia mchanga vizuri tu, lakini alipoinua modeli vile vinundu vya mchanga vya ndani ya A, R na B vikang'oka nayo, vikabaki vimekwama kwenye plastiki, na alumini ilipoganda matundu yote yakawa yamejaa. Iliniuma sana, kazi ya siku mbili ile.

Kwa hiyo zipe kuta mteremko, chini pana juu pembamba. Kwa herufi za kimo cha milimita 3, nyuzi 5 zinakula kama milimita 0.26 kila upande, nyuzi 10 zinakula kama nusu milimita, yaani mstari wa milimita 2 unabaki na 1 tu kule juu, ndo maana fonti nene isiyo na vikia (vile vijimkia vya kwenye ncha za herufi) uichague mapema kabla ya yote. Ndani ya matundu mimi naweka mteremko mkubwa zaidi kuliko nje.

Na hapa ndo watu wengi wanaharibu: wanachagua uso wa juu wanaupunguza kwa skeli. Usifanye hivo! Skeli inavuta kila kitu kuelekea katikati, tundu la O nalo linakuwa dogo juu kuliko chini, yaani ukuta wa ndani umeinama kinyume na unaushika mchanga vizuri zaidi kuliko mwanzo. Acha herufi zikiwa bado bapa, chagua uso wao utumie amri ya Inset na uipe kina (Depth) sawa na kimo cha herufi, hiyo inainua uso huku inapunguza mstari kutoka pande zote mbili, tundu linapanuka juu kama inavyotakiwa. Kabla ya hapo geuza maandishi yawe meshi (umbo la nukta na nyuso) na uunganishe nukta zilizorudiana, la sivyo nyuso zinaweza kuachana.

Ukimaliza tazama kutoka juu kabisa bila pespektivu, bonyeza 7 ya namba za pembeni. Kila herufi inatakiwa izungukwe na ukanda mwembamba, nje na ndani ya tundu. Pasipo na ukanda hapana mteremko.

Alumini inasinyaa kama asilimia 1.3, kibao cha milimita 300 kichore kama 304. Maandishi yasomeke kawaida, unayageuza tu kama unaprinti kalibu yenyewe, yaani lile umbo la kumiminia badala ya modeli. Mistari ya printa kwenye kuta ipige msasa mpaka iishe, maana kila mstari ni kangazi kadogo kanakokamata mchanga.

Alafu kabla hujaprinti kibao kizima printi herufi A peke yake, ishindilie kwenye bakuli la mchanga uleule wa fundi, ichomoe taratibu, uangalie ile pembetatu ya katikati kama imebaki imesimama.