Namna ya Kusoma Hesabu za Asasi ya Hisani Kabla ya Kuichangia

Anayetaka kuichangia asasi ya hisani ya hapa Mwanza, iwe inasomesha watoto wa wavuvi wa Ukerewe au inahudumia wagonjwa katika mialo ya Sengerema, aanze kwa kuomba hesabu zake zilizokaguliwa za miaka mitatu mfululizo. Kuomba hivyo si kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inalitaka shirika lililosajiliwa chini yake liandae kila mwaka taarifa ya kazi pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na kuziwasilisha kwa Msajili. Hesabu za mwaka mmoja hazitoshi, maana ruzuku ikiingia Desemba kwa ajili ya kazi ya mwaka unaofuata, mwaka wa kwanza unaweza kuonekana wa neema na wa pili wa ukame, ilhali kilichotofautiana ni tarehe ya fedha kuingia benki tu.

Soma ripoti ya mkaguzi kabla ya majedwali. Hakikisha kwamba mkaguzi ni wa nje ya asasi na amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, kisha utazame maoni aliyotoa: hati safi, hati yenye shaka (hesabu ni sawa isipokuwa katika jambo fulani), hati isiyoridhisha (hesabu hazionyeshi hali halisi), au tamko kwamba ameshindwa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Hati yenye shaka peke yake isikufukuze. Soma sababu yake, kwani kukosekana kwa stakabadhi za mafuta ya boti si sawa na kukosekana kwa taarifa za benki.

Hati safi nayo ina mpaka wake. Inathibitisha kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi, lakini haisemi kwamba hali yenyewe ni njema. Asasi inayokaribia kufungwa inaweza kupata hati safi ikiwa imeeleza hatari hiyo bila kuificha, na maelezo hayo hukaa katika aya inayozungumzia uwezo wake wa kuendelea na shughuli. Kikundi chetu cha kuchangiana kiliwahi kuiruka aya hiyo. Tuliona hati safi, tukaona salio kubwa benki, tukatoa mchango wa mwaka mzima kwa asasi ambayo miezi michache baadaye ilifunga ofisi. Fedha haikuibiwa. Tangu mwanzo ilikuwa fedha ya mradi wa mfadhili mmoja, na mradi ulipokwisha hapakubaki cha kulipia hata pango.

Kwa hiyo swali ninalotaka msomaji alishike kuliko yote ni hili: katika fedha zinazoonekana, zipi ni za asasi yenyewe kuzitumia inavyoona inafaa? Tuchukue mfano wa kubuni. Mizania, yaani jedwali la mali na madeni, inaonyesha mali zote za shilingi milioni 540 na madeni ya milioni 60, hivyo mali halisi ni milioni 480. Maelezo ya hesabu yanasema milioni 330 zimefungwa na masharti ya wafadhili, kwa mfano kuchimba visima tu, au kulipa ada za wanafunzi fulani tu. Milioni nyingine 120 ziko katika majengo, gari na boti, ambavyo haviwezi kulipa mshahara mwisho wa mwezi. Inayobaki ni milioni 30. Ikiwa matumizi ya mwaka ni milioni 300, yaani milioni 25 kwa mwezi, asasi hiyo yenye karibu nusu bilioni ina uwezo wa kujitegemea kwa mwezi mmoja na siku chache. Angalia tu usitoe kitu mara mbili: boti ikiwa ilinunuliwa kwa fedha ya mradi, huenda thamani yake imeshahesabiwa ndani ya zile milioni 330. Mimi hupata utulivu nikiona miezi mitatu hadi sita.

Baada ya hapo tafuta jedwali la vyanzo vya mapato, ukokotoe mfadhili mkubwa anachangia sehemu gani. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi walijifunza kwa uchungu maana ya kutegemea mkono mmoja. Chunguza pia faida itokanayo na mabadiliko ya thamani ya fedha, kwa sababu asasi inayopokea dola na kuandika vitabu kwa shilingi inaweza kuonekana imekua shilingi ikishuka, wakati dola zilizoingia ni zilezile au zimepungua.

Madeni hayahitaji maneno mengi. Linganisha mali za muda mfupi na madeni ya muda mfupi; madeni yakizidi, uliza yatalipwa na nini. Deni linalonitia hofu kuliko mengine ni michango ya wafanyakazi isiyofikishwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi ya mishahara isiyofikishwa TRA, mamlaka ya mapato. Kodi hiyo hutakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na asasi inayoikata kwa wafanyakazi bila kuiwasilisha inaendesha kazi yake kwa fedha isiyo yake.

Wachangiaji wengi hukimbilia asilimia ya gharama za utawala. Siipi uzito huo, kwa kuwa asasi moja huandika gari chini ya miradi na nyingine chini ya utawala, na asasi isiyomlipa mhasibu huonekana nafuu hadi siku vitabu vinapotakiwa. Ilinganishe asasi na miaka yake yenyewe, na ukiona utawala umepanda ghafla huku kazi ikipungua, hapo uliza.

Mwisho wa maelezo ya hesabu kuna sehemu ya miamala na watu wa karibu, ambayo wengi hawafiki. Humo ndimo utakuta kwamba ofisi imepangwa katika nyumba ya mwenyekiti, au kwamba mkurugenzi amekopeshwa. Jambo hilo linaweza kuwa halali, mradi bei inalingana na ya soko na bodi iliidhinisha bila mhusika kupiga kura.

Maswali yatakayobaki yaandike kwa mhazini ukitaja ukurasa na namba ya maelezo, kwa mfano: je, milioni 18 ambazo asasi inawadai wafanyakazi ni mikopo ya mishahara, au ni masurufu, yaani fedha walizopewa mapema za kutumia, ya safari za visiwani ambayo hayajafanyiwa marejesho? Ikiwa ni masurufu, omba orodha yenye tarehe, uone ni safari ngapi zilizokwisha zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa.