Namna ya Kuandaa Bodi na Bawa la Gari la Rimoti la Daraja la GT Ili Lipite Ukaguzi

Magari mengi yanayorudishwa kwenye meza ya ukaguzi hapa kwetu Malindi hayarudishwi kwa sababu ya mota wala betri. Hurudishwa kwa sababu ya mkasi. Mwenye gari amekata bodi, yaani ganda la plastiki linalofunika gari, kupita mstari, au amelisogeza bawa nyuma kidogo kuliko lilivyokusudiwa, na plastiki ikishakatwa hairudi. Kwa kuwa bodi zenyewe hatuzipati dukani mjini na huagizwa kutoka nje kwa kusubiri wiki kadhaa, nimeona niandike utaratibu ninaoufuata mimi tangu bodi inapotoka kwenye boksi hadi inapowekwa mbele ya mkaguzi, kwa gari la kipimo cha moja kwa kumi, yaani dogo mara kumi kuliko gari halisi, linalokimbia kwenye lami.

Kwanza ni vyema kuelewa kanuni hizi zinalinda nini. Katika mashindano ya magari ya rimoti ya aina ya saluni, bodi zimechongwa miaka mingi kwa ajili ya upepo tu, hata nyingi hazifanani tena na gari lolote linalotembea barabarani. Daraja la GT, la magari ya kasi ya barabarani yaliyogeuzwa kuwa ya mashindano, linataka kinyume chake. Mtu aliyesimama kando ya uwanja aweze kusema, bila kuambiwa, kwamba lile ni Porsche 911 GT3 R, lile ni Mercedes-AMG GT3 na lile ni BMW M4 GT3, magari ya daraja la GT3, ambalo mashindano yake makubwa yalianza Ulaya mwaka 2006. Kwa hiyo karibu kila kifungu kinachohusu bodi na bawa kina swali moja nyuma yake: je, gari hili bado ni lile gari? Ukilikumbuka swali hilo utakisia sehemu kubwa ya kanuni hata kabla ya kuzisoma, ingawa kuzisoma ni lazima. Vyama vikubwa vya mashindano ya magari ya rimoti kama ROAR ya Marekani na EFRA ya Ulaya huweka orodha ya bodi zilizoidhinishwa, na kanuni za klabu hutofautiana kutoka mji hadi mji.

Katika kundi letu masharti ni machache. Bodi iwe ya gari la GT la milango miwili lililopata kuwepo kweli. Upana wake usizidi milimita 200. Ukingo wa nyuma usikatwe juu zaidi ya milimita 50 kutoka ardhini, gari likiwa tayari kukimbia. Kioo cha mbele na vya ubavuni viachwe vikipenya mwanga. Bawa liwe lile lililokuja na bodi, likae pale mtengenezaji alipoliwekea alama, lisipite upana wa bodi wala lisitokeze nyuma ya bampa. Vipimo nitakavyovitaja hapa chini ni vya kundi letu; anayekimbia kwingine abadilishe tarakimu, utaratibu ni ule ule.

Hatua ya kwanza: kuchagua bodi

Bodi hizi ni za polikaboneti, plastiki angavu inayopinda bila kuvunjika upesi. Zile za kawaida hutengenezwa kwa karatasi ya milimita 1, na nyepesi kwa milimita 0.75. Polikaboneti ina uzito wa gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kila sentimita mraba 1,000 za karatasi nene hupata gramu 120, na za karatasi nyembamba gramu 90. Gramu 30 hizo ziko juu, kwenye paa na boneti, mahali ambapo uzito hulifanya gari liyumbe kwenye kona. Hata hivyo mimi humshauri anayeanza achukue nene. Uwanja wetu ni wa lami ya kuegeshea magari, una kingo za saruji, na bodi nyembamba iliyogonga ukingo mara tatu hupasuka kwenye kona ya bampa, nayo bodi yenye kipande kilichotoka haipiti ukaguzi wa mbio inayofuata.

Hakikisha pia umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma unalingana na chasisi yako. Chasisi nyingi za kipimo hiki zina milimita 257 au karibu na hapo, sawa na gari halisi la mita 2.57. Bodi isiyolingana huacha tairi ikisimama pembeni ya tao lake, na hilo huonekana kabla ya rula kutolewa.

Hatua ya pili: kupima juu ya gari lililo tayari

Weka betri ndani, matairi utakayokimbilia, na springi zikiwa zimerekebishwa. Chasisi isimame kwenye urefu wako wa mashindano. Kwenye lami laini watu huacha milimita 5, na kwenye lami yetu yenye kokoto mimi huacha 6 au 7. Mtu anayepima gari tupu hupima gari lililosimama juu kuliko litakavyokuwa siku ya mbio, kwa kuwa springi hazijabeba kitu, na vipimo vyake vyote vitakuwa vya gari jingine.

Bodi ikiwa bado angavu, iweke juu ya nguzo zake, zile za chasisi zinazoishikilia, na utazame kupitia humo. Hii ndiyo sababu mimi hukata kabla ya kupaka rangi, ingawa wenzangu kadhaa hupaka kwanza. Plastiki angavu hukuonyesha kitovu cha gurudumu, hukuonyesha nguzo inagusa wapi, na hukuonyesha kama gari limekaa katikati au limeegemea upande. Tia nukta za kalamu ya wino mzito juu ya ngozi ya nje inayolinda bodi, si ndani. Halafu simama nyuma ya gari, macho yakiwa sawa na ardhi, uangalie kama paa limelala sawasawa. Ukiridhika, ndipo utoboe matundu ya nguzo kwa kekee ya mkono, ukianza na tundu dogo na kulipanua pole pole.

Hatua ya tatu: kukata

Usikate polikaboneti moja kwa moja kwa mkasi kwenye mistari mirefu. Pitisha ncha ya kisu chenye wembe juu ya mstari wa kukatia, kwa uzito mdogo, mara moja au mbili, mpaka uwe na mfereji. Kisha pinda plastiki mbele na nyuma na itaachana yenyewe juu ya mfereji huo, ukingo ukiwa safi kama uliopigwa randa. Kwenye matao ya magurudumu tumia mkasi mdogo uliopinda, ukizunguka kidogo kidogo.

Acha milimita 2 nje ya mstari kila mahali. Rudisha bodi juu ya gari, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kandamiza springi mpaka chasisi iguse meza, utazame tairi inasugua wapi. Hapo tu ndipo unapoondoa, na huondoi zaidi ya kile kinachosugua. Tao lililopanuliwa kupita kiasi ni kosa la kawaida sana: kijana huona tairi inagusa, anakata duara kubwa, na gari lake linapoteza ile sura ya madigadi yaliyojaa ambayo ndiyo utambulisho wa gari la GT. Mkaguzi ana haki ya kulikataa.

Kona za ndani zisiwe kali. Mahali ambapo mikato miwili inakutana, toboa kwanza kitundu cha milimita 3 kisha ukate hadi kwenye kitundu hicho, kwa sababu ufa wa polikaboneti huanzia kwenye pembe kali na hukimbia wakati bodi inapotikisika. Malizia kingo zote kwa msasa namba 400.

Sehemu ya nyuma naiacha mwisho. Kipande cha chini ya bampa hujaa hewa kama mfuko, na kila dereva hutamani kukikata ili gari liende upesi kwenye mstari ulionyooka. Kanuni inaruhusu kukata hadi milimita 50, basi mimi hukata kwenye 47. Zile milimita 3 ni za matairi mapya, ambayo hulinyanyua gari kidogo, na za nguzo ambayo huenda ikahamishwa tundu moja juu.

Hatua ya nne: rangi

Osha ndani kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usitumie thina, asetoni wala petroli, hata kwa kufuta doa dogo, na ukae mbali na dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Polikaboneti hupata nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na zikishaingia hazitoki. Ziba vioo kwa karatasi za gundi zilizokuja na bodi, maana kuviacha wazi ni kanuni.

Rangi hupigwa upande wa ndani, na lazima iwe ile iliyotengenezwa kwa polikaboneti. Ya kawaida ya chuma hubanduka kama maganda ya kitunguu bodi inapopinda. Kwa kuwa mtazamaji anaangalia kupitia plastiki, mpangilio umegeuka: michirizi na namba hutangulia, na rangi kuu hufuata nyuma yao. Rangi nyeusi itangulie nyeupe, si nyeupe kutangulia nyeusi, la sivyo weusi utaonekana kwa nyuma. Piga tabaka nyembamba tatu au nne. Hapa Malindi hewa ya alfajiri na ya usiku imejaa unyevu, na rangi iliyopigwa wakati huo huweza kupata ukungu mweupe. Mimi hupiga kati ya saa nne asubuhi na adhuhuri, kivulini, ukutani kusikopigwa na upepo wa bahari. Ngozi ya nje ibanduliwe baada ya kila kitu kukauka.

Hatua ya tano: bawa

Bawa la gari la mashindano ni bawa la ndege lililopinduliwa. Hewa ya juu yake ina mkandamizo mkubwa kuliko ya chini yake, kwa hiyo gari husukumwa kwenye lami. Vibamba vya pembeni huzuia hewa ya juu isimwagikie chini kupitia ncha. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: gari likitoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, nguvu ya bawa haiwi mara mbili bali mara nne. Ukiisoma hesabu hiyo kinyumenyume utaona jambo ambalo wengi hawalitii maanani. Kwenye uwanja mdogo kama wetu, wenye kona za polepole, bawa hufanya kazi ndogo sana. Anayelisogeza nyuma milimita 5 kinyume cha kanuni ananunua hatari ya kufutiwa mbio kwa faida asiyoweza hata kuihisi kwenye kona ya kwanza.

Pembe ya bawa, pale kanuni inapoiruhusu ibadilishwe, ianzie kwenye ulalo wa mtengenezaji. Watu wa pwani wanajua kwamba tanga lililovutwa kupita kiasi hulaza chombo badala ya kukisukuma. Bawa lililosimama mno nalo hulivuta gari nyuma. Kwenye miezi ya Kusi, upepo unapopiga uwanja kwa ubavu, mimi hulilaza kidogo. Usiongeze ukanda uliosimama kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, ule ambao Dan Gurney, dereva wa Marekani, aliutia kwenye gari la mashindano mwaka 1971. Ni kitu chembamba, chafaa kweli, na kwa sababu hiyo hiyo kundi letu limeukataza.

Sasa kufunga. Mwaka wa kwanza nilifunga bawa langu kwa tepu yenye gundi pande mbili. Lilipimwa asubuhi likapita. Adhuhuri nililiacha gari juu ya ukuta wa mawe, juani, nikaenda kuswali na kula. Polikaboneti haidhuriki na joto la jua letu, kwani hulainika karibu na nyuzi 147 za Selsiasi, lakini gundi ya tepu ililegea na bawa likateleza nyuma kwa uzito wake lenyewe. Baada ya fainali mzee anayetukagua aliweka rula yake nyuma ya bampa, akanitazama, akasema, “Mwanangu, limetoka milimita 4.” Nilikuwa nimemaliza wa pili, na matokeo yangu yakafutwa. Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo hufunga kwa bolti za milimita 3, washa (pete bapa) pana ya plastiki kila upande ili bolti isipasue bodi, na nati yenye nailoni ndani isiyolegea kwa mtikisiko. Kwa ajili ya chumvi ya bahari nunua bolti zisizoshika kutu.

Hatua ya sita: kuimarisha

Ndani ya kona za bampa na kuzunguka matundu ya nguzo, bandika vipande vya chandarua kwa gundi nzito ya viatu. Jaribu gundi kwanza kwenye kipande ulichokikata ukingoje hadi kesho yake, kwa sababu baadhi ya gundi hula rangi na plastiki.

Hatua ya saba: kujikagua

Usiku wa kuamkia mbio, weka gari juu ya kioo kipana au kigae kilichonyooka, likiwa na betri na matairi. Simamisha vipande viwili vya mbao vyenye pembe mraba, kimoja kila ubavu, viguse bodi, na upime nafasi kati yake. Simamisha kipande kingine nyuma ya bampa: bawa lisikiguse. Pima ukingo wa nyuma sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, maana bodi iliyokaa upande huweza kupita kushoto na kushindwa kulia. Kisha litikise bawa kwa kidole. Rudia vipimo hivyo hivyo baada ya kila mgongano wa siku ya mbio, kabla ya kulipeleka gari kwenye meza, na uchukue nati na pini za kushikia bodi za akiba mfukoni.